Sura ya Sita: Ruta Nyuma ya Ruta

Usiku wa kwanza niliotaka kutazama banda la kuku la mama lililoko Tanga nikiwa Dodoma, niliandika lile jina tulilosajilia nyumba yake, nikabonyeza, na ukurasa ukafunguka papo hapo. Nikashangilia kabla ya kusoma. Kilichofunguka hakikuwa kamera ya Tanga. Ulikuwa ukurasa wa printa yangu mwenyewe, ile iliyokaa juu ya kabati hatua mbili kutoka nilipoketi, ukinijulisha kwamba wino mweusi unakaribia kwisha.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikaandika tena, printa tena. Nikazima waifai ya simu na kujaribu kwa bando: ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukakata tamaa. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba jina halikuwa na kosa lolote. Liliulizwa anwani ya nyumba ya mama, likajibu kwa uaminifu lilichoambiwa: 192.168.1.64. Na nyumbani kwangu Dodoma, 192.168.1.64 ni printa.

Sura hii ni ya wenye nyumba yenye ruta mbili. Moja ni ya kampuni ya intaneti. Fundi wao ameifunga ukutani karibu na mlango, pale waya wa faiba unapoingilia. Ya pili umenunua kwa pesa yako, ama kwa sababu ile ya kwanza haifiki chumba cha nyuma, ama kwa sababu unataka kuwa na sauti katika mtandao wa nyumba yako. Ukachomeka waya kutoka ya kwanza kwenda ya pili, intaneti ikapatikana, kila mtu akafurahi. Kwa kutazama video na kutuma ujumbe, mpangilio huo hauna shida hata kidogo. Shida huanza siku unapotaka mtu wa nje aweze kuingia.

Waliosoma shule za bweni wataelewa haraka. Barua iliyokuja shuleni iliandikwa S.L.P. ya shule. Posta haikukujua wewe, ilijua sanduku. Mwalimu wa zamu ndiye aliyesoma jina lako juu ya bahasha na kukuita mstarini. Ulipotaka kuandikiwa na dada yako aliye Mombasa, ulimpa namba ya sanduku la shule. Hukumpa namba ya kitanda chako bwenini, kwa sababu kitanda namba 64 kiko katika kila bweni nchini.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni namba za vitanda. Zilitengwa rasmi Februari 1996 pamoja na mafungu mengine mawili: lile linaloanza na 10, na lile la 172.16 hadi 172.31. Yeyote anaruhusiwa kuzitumia ndani ya nyumba yake, kwa sharti kwamba hazitoki nje. Ruta yako ndiyo mwalimu wa zamu. Inapokea kila kinachotoka ndani, inafuta namba ya kitanda na kuandika ya sanduku, inakumbuka nani alituma nini, na majibu yakirudi inayagawa. Kazi hiyo inaitwa NAT. Kjeld Egevang na Paul Francis waliieleza kwenye waraka wa Mei 1994, nao wenyewe waliitaja kama dawa ya muda tu, kwa sababu anwani za aina ya zamani, IPv4, ni 4,294,967,296 basi, na watu walishaanza kuona mwisho wake. Ule muda sasa una zaidi ya miaka 30.

Ukiweka ruta nyuma ya ruta, umeweka mwalimu wa zamu na kiranja wa bweni. Barua inafika kwa mwalimu, mwalimu anampa kiranja, kiranja anakufikishia kitandani. Sasa mwulize kiranja, yule wa ndani: anwani yako ni ipi? Atakutajia anayoijua, yaani kitanda alichopangiwa na mwalimu. Hajawahi kuliona sanduku. Ruta niliyoifunga sebuleni kwa mama ilifanya hivyo hivyo. Niliiambia ipeleke anwani yake kwenye huduma ya jina, ikatazama upande wake wa nje, ikaona 192.168.1.64, ikapeleka hiyo. Kwenye kumbukumbu zake kulikuwa na neno good, ambalo kwa lugha ya huduma hizi maana yake nimepokea na nimebadilisha, na mbele ya neno hilo ile namba yenyewe. Nililisoma neno mara tano. Namba sikuisoma.

Tuseme kidogo kuhusu hizi huduma. Mfumo wa majina ya intaneti, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake kulikuwa na faili moja la majina na anwani lililotunzwa katika taasisi ya SRI huko Menlo Park, California. Aliyetaka kuongezwa humo aliomba, na aliyetaka orodha mpya alilinakili. Ulikuwa ni ulimwengu wa mashine zisizohama. Nyumba za leo zinahama bila kutikisika: umeme ukikatika na kurudi, kampuni inaweza kukupa anwani nyingine kabisa. Ndiyo maana ya DDNS, kwamba kifaa cha nyumbani kwako kiwe kinaripoti kila anwani inapobadilika, na jina liifuate.

Huduma iliyovuma zaidi kwa kazi hii ilikuwa DynDNS, ya kampuni ya Dyn ya Manchester, New Hampshire, Marekani. Ilitoa majina bure kwa miaka mingi, kisha Mei 2014 ikafunga mlango wa bure na watu wakatawanyikia kwa No-IP, DuckDNS na wengineo. Ilichoacha ni lugha. Ruta nyingi na huduma nyingi bado zinazungumza kwa maneno yale yale mafupi ya Dyn: good, nochg kwa maana ya hakuna kilichobadilika, badauth kwa maana ya nywila si sahihi, abuse kwa maana ya umenisumbua mno, nimekufungia. Yafaa kuyajua kwa sababu hutokea kwenye kumbukumbu za ruta bila maelezo yoyote. Na narudia, kwa herufi kubwa kama ningeweza: ukiona good, soma na namba inayofuata.

Kabla ya kugusa chochote kuhusu jina, hakikisha kitu unachotaka kukifikia kinafanya kazi ukiwa ndani ya nyumba. Nayasema haya kwa aibu. Kuna jioni nilikagua mipangilio yote ya ruta mbili, mstari kwa mstari, kwa sababu picha ya banda ilikuwa nyeusi tii. Nilipompigia mama, akaniambia ameifunika kamera na kipande cha kanga. Kile kitaa chake chekundu, alisema, kinawashtua kuku usiku, na tangu kifungwe mayai yamepungua. Sikuwa na hoja ya kiufundi ya kumjibu. Tukakubaliana kamera ihamie mlangoni.

Baada ya hapo njia yangu ni moja, na naifuata hata ninapodhani jibu nalijua: nakusanya anwani nne, naziandika kwa kalamu kwenye karatasi, ndipo naanza kufikiri.

Ya kwanza ni ile ambayo jina linaijibu. Kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri, andika nslookup na jina lako. Usitumie kivinjari kwa kazi hii, maana kivinjari kinachanganya mambo mawili: kutafuta anwani na kuifungua. Wewe hapa unataka la kwanza tu. Ya pili ni ile ambayo ruta ya ndani inaiona upande wake wa WAN, yaani upande wa nje. Iko kwenye ukurasa wa hali wa ruta hiyo. Ya tatu ni ile ambayo ruta ya nje, ya kampuni, inaiona upande wake wa WAN. Ya nne ni ile ambayo dunia inaiona: fungua, ukiwa kwenye kifaa kilicho ndani ya nyumba hiyo, ukurasa wowote wa wale wanaokuonyesha anwani yako. Nasisitiza kifaa kilicho ndani ya nyumba hiyo. Mimi niliwahi kuufungua nikiwa Dodoma, nikaiandika anwani ya Dodoma kwenye karatasi ya Tanga, nikapoteza jioni nzima.

Ya tatu ndiyo inayosumbua kuipata, kwa kuwa ruta ile si yako.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, naomba ugeuze lile boksi jeupe la mlangoni. Chini yake kuna karatasi imebandikwa."

"Ngoja nilifute kwanza, limejaa vumbi." Kimya kirefu. "Haya. Hizi herufi kubwa na ndogo zimechanganywa kama mchele na chuya. Namwita mjukuu wa jirani akusomee."

Mjukuu wa jirani, wa darasa la sita, alisoma nywila bila kosa, akaingia kwenye ruta kwa simu ya mama, akanitajia namba kabla sijamaliza kumweleza pa kutafuta. Kama kampuni yako haikuiandika nywila popote, wapigie uwaombe. Wengine hutoa, wengine hukataa, na wanaokataa wakati mwingine wanakubali kukusomea namba hiyo kwa simu, nawe huhitaji zaidi ya hapo.

Karatasi yetu ilitoka hivi. Jina: 192.168.1.64. Ruta ya ndani: 192.168.1.64. Ruta ya nje: 203.0.113.25. Dunia: 203.0.113.25. (Hizo mbili za mwisho nimezibadilisha; usihangaike kuzitafuta, ni za fungu lililotengwa kwa mifano ya vitabuni.) Ukiwa na karatasi kama hiyo mkononi, ugonjwa unajisema wenyewe. Ya tatu na ya nne zinalingana, kwa hiyo sanduku ni letu kweli. Ya kwanza na ya nne hazilingani, kwa hiyo anayeripoti anaripoti uongo. Hana nia mbaya. Ameulizwa swali asiloweza kulijibu.

Dawa ni kubadilisha swali. Ruta nyingi zenye DDNS zina mahali pa kuchagua anwani itatoka wapi: kwenye WAN yake yenyewe, au kwa kuuliza nje. Kwenye OpenWrt, ambayo wapenzi wa ruta huiweka badala ya programu ya kiwandani, chaguo hilo linaitwa ip_source. Ukiliacha kwenye network linasoma kitanda, ukiliweka web linauliza dunia. Kwenye ruta za kawaida za dukani maneno ni tofauti, na zipo ambazo hazina chaguo hilo kabisa. Kwa hizo, mwachie kazi mwingine. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au hata kompyuta ya mezani isiyozimwa, inaweza kutuma ripoti kila baada ya muda bila kutaja anwani yoyote. Huduma nyingi, zisipopewa anwani, zinachukua ile ambayo ombi limetokea. Bahasha imegongwa muhuri njiani na posta yenyewe, huna haja ya kuandika umetoka wapi. Angalizo dogo: kifaa hicho kisiwe kinapitia VPN, vinginevyo jina la nyumba yako ya Tanga litajikuta Amsterdam.

Nilibadilisha, nikajaribu, jina likajibu 203.0.113.25. Siku kumi na moja baadaye umeme ulikatika Tanga usiku, ukarudi alfajiri, na kamera haikupatikana tena.

Mtego huu wa pili ndio ninaouona wa hila zaidi. Ruta yangu sasa ilijua kuuliza nje, lakini haikujua wakati wa kuuliza. Ilisubiri WAN yake ibadilike ndipo iripoti. Na WAN ya ruta ya ndani haibadiliki, kwa sababu inapewa na ruta ya nje, na ruta ya nje kila asubuhi inampa kiranja kitanda kile kile. Sanduku lilikuwa limebadilishwa posta, shule nzima imehama S.L.P., na kiranja amelala usingizi kwa kuwa kitanda chake hakijasogezwa. Kwa hiyo lazima ukague kwa saa, usingoje tukio. OpenWrt isipoguswa hukagua kila dakika 10 na kuripoti kwa lazima kila saa 72 hata kama hakuna jipya. Nimeona hivyo vinatosha nyumbani. Usishawishike kuweka kila sekunde 10. Kukagua na kuripoti ni mambo mawili, na programu mbovu huyachanganya, zikaripoti kila zinapokagua. Huko ndiko neno abuse linakotokea.

Jina likishajibu sawasawa, imebaki milango, yaani poti. Watu wengi wanaamini DDNS ikikamilika kazi imekwisha, na hapo ndipo lawama nyingi zinaangukia huduma isiyo na hatia. DDNS inafikisha barua kwenye sanduku. Kutoka sandukuni mpaka kitandani ni kazi ya kuelekeza poti, na wewe una ruta mbili, kwa hiyo inaelekezwa mara mbili. Kwenye ruta ya nje: kinachokuja poti 8443 kipeleke kwa 192.168.1.64, ambayo ni ruta ya ndani. Kwenye ruta ya ndani: kinachokuja poti 8443 kipeleke kwa kamera. Ukifanya moja ukasahau nyingine, barua inaishia kwa mwalimu.

Ili mpango huo usivunjike, ruta ya nje iambiwe imhifadhie kiranja kitanda chake, asije akapewa 65 wiki ijayo. Na hakikisha ruta mbili hazitumii fungu moja la anwani. Ruta nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1 au 192.168.0, na ukiziunganisha mbili za namna moja, ile ya ndani inaona 192.168.1 pande zote mbili, haijui pa kupeleka kitu. Nyingine hujitambua na kujibadilisha, nyingine hukaa kimya, intaneti ikawa inakuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Mimi ya ndani huiweka 192.168.50, na kamera ya mama ikawa 192.168.50.20.

Kuna njia za mkato, na sina ubishi nazo. Ruta ya nje ikiwa na hali ya daraja, iwashe: itaacha kazi ya ualimu, itabaki kupitisha tu, na ruta yako itapewa anwani ya sanduku moja kwa moja. Karatasi ya anwani nne inakuwa ya anwani tatu, na nusu ya sura hii huihitaji. Kampuni nyingi wameifunga hali hiyo, na baadhi wanaifungua ukiomba. Ikishindikana, tafuta kipengele kinachoitwa DMZ, ambacho humwambia mwalimu ampelekee kiranja kila barua isiyo na mwenyewe. Jina hilo linatisha, ila katika mpangilio huu halina ubaya mkubwa, kwa kuwa ruta yako ya ndani bado ina ukuta wake. Au igeuze ruta ya ndani iwe kisambaza waifai tu, bila ualimu wowote, kama shida yako ilikuwa chumba cha nyuma. Ninavyoona, wengi walionunua ruta ya pili walihitaji hilo tu.

Kisha jaribu ukiwa nje. Nje kweli. Mtu anakaa sebuleni, anaandika jina, halifunguki, anaanza kubomoa alichokijenga. Ombi linalotoka ndani likienda kwenye anwani ya nje ya nyumba hiyo hiyo linahitaji ruta ijue kulikunja lirudi ndani, na ruta nyingi hazijui au hazitaki. Nyuma ya ruta mbili matokeo yanazidi kutotabirika. Zima waifai ya simu, tumia bando. Na kama umebadilisha anwani sasa hivi, vuta subira. Kila jibu la DNS lina muda wake wa kukumbukwa, na aliyeuliza dakika mbili zilizopita anaweza bado kushikilia jibu la zamani.

Kamera ya mama ilifanya kazi miezi saba. Mwezi wa nane ikanyamaza, na safari hii karatasi ilikuja na kitu kipya. Jina na dunia vililingana. Poti zote mbili ziko sawa. Ila ruta ya nje, iliyokuwa na 203.0.113.25 na baadaye nyinginezo za aina hiyo, sasa ilikuwa na 100.71 na mikia yake.

Ukiiona namba hiyo, keti chini. Fungu la kuanzia 100.64 hadi 100.127 lilitengwa Aprili 2012 mahsusi kwa kampuni za intaneti, ili nazo ziweze kuwa na mwalimu wao wa zamu, mkubwa, mbele ya nyumba mamia au maelfu. Wengine hutumia fungu la 10 kwa kazi hiyo hiyo. Sababu ni uhaba. Akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4 iligawiwa mafungu yake matano ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, taasisi iliyoko Mauritius inayogawa anwani kwa Afrika, iliingia hatua ya mwisho ya kubana matumizi Januari 2020, na tangu hapo anayeomba hupata zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Kampuni yenye wateja wengi kuliko anwani haina la kufanya ila kuwaweka wengi kwenye sanduku moja. Kwamba kampuni ile ilituhamisha bila hata ujumbe mfupi wa simu ni jambo jingine, na nililisema kwa aliyepokea simu yangu kwa maneno ambayo mama asingeyapenda.

Tofauti na mwanzo ni hii. Ruta mbili za nyumbani zote ziko mikononi mwako kwa namna fulani. Ya tatu iko kwa kampuni, na hakuna ukurasa utakaofungua ukaielekeza poti. Jina litakuwa sahihi kabisa, litafika kwenye sanduku sahihi, na huko watakuwapo watu mia tano wasiojuana. Ndiyo maana nasema linganisha ya tatu na ya nne kabla ya kutoa jasho lolote. Zisipolingana, DDNS yako si mgonjwa na huwezi kuitibu. (Wanaotumia Tailscale wasishtuke: yenyewe nayo huazima fungu la 100.64 kwa vifaa vyake, kwa hiyo kuiona namba hiyo kwenye simu hakuthibitishi kitu. Iangalie kwenye WAN ya ruta.)

Yanabaki mambo matatu. Waombe anwani ya umma. Kampuni nyingi wanayo kwa malipo ya ziada ya mwezi, hasa kwa vifurushi vya biashara. Au angalia kama wanatoa IPv6, ambayo anwani zake ni nyingi kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kuwa na sanduku lake, na ualimu wa zamu hauhitajiki. Hapo jina linasajiliwa kwa anwani ya aina hiyo, na kazi inabaki kufungua ukuta wa ruta zote mbili kwa kifaa kimoja tu. Ila simu unayotazamia nayo lazima iwe na IPv6 pia, na ruta ya nje ikubali kuikatia ya ndani kipande cha fungu lake, jambo ambalo nimeliona likigoma mara nyingi kuliko likikubali.

Au geuza mwelekeo. Walimu wote watatu wanazuia kinachoingia bila kuitwa. Kinachotoka wanakiachia na majibu yake wanayarudisha. Kwa hiyo kifaa cha nyumbani ndicho kipige simu, kisikate. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, nikaweka programu ya VPN iitwayo WireGuard huko na kwenye ruta ya ndani ya mama, na kuiambia ruta itume kitu kidogo kila sekunde 25 ili walimu wasisahau kwamba mazungumzo yanaendelea. Simu yangu nayo inaingia kwenye seva hiyo hiyo. Tunakutana katikati, wala sihitaji kujua nyumba ya Tanga iko sanduku gani.

Ningekuwa naanza leo ningeanzia hapo, hata bila kusukumwa, kwa sababu ya kilichotokea tarehe 21 Oktoba 2016. Siku hiyo kundi la vifaa vilivyotekwa na programu iitwayo Mirai, kwa sehemu kubwa kamera na vifaa vya kurekodia picha zake, vilivyoachwa wazi kwenye intaneti na nywila za kiwandani, vilimimina maombi kwa pamoja kwenye seva za kampuni moja ya DNS, na Twitter, Netflix, Spotify na nyinginezo zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa sehemu kubwa ya Marekani na Ulaya. Kampuni iliyoshambuliwa ilikuwa Dyn, ile ile iliyofundisha nyumba za kawaida kujipa majina. Kamera ya kuku yenye poti wazi na nywila admin ni askari anayesubiri kuandikishwa.

Kwa hiyo nilifuta maelekezo yote mawili ya poti, la ruta ya nje na la ruta ya ndani. Jina nimeliacha. Halifungui chochote tena, lakini ruta ya sebuleni kwa mama bado inaamka kila dakika kumi, inauliza nje, inalinganisha, na siku nyingi haina la kuripoti. Saa 72 zikitimia inaripoti hata hivyo, inajibiwa nochg, inaandika na saa.

Saa hizo nazipenda. Zikiwa na pengo, najua Tanga umeme ulikatika, na nampigia mama kumuuliza kama friji imerudi.